Mtoto unayemsomesha nyumbani: ni mwerevu tu, au ana kipawa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa wazazi wenzangu wanaosomesha watoto nyumbani. Machache ni yangu mwenyewe, ya miaka ile mwanangu alipokuwa mdogo nami nikikesha nikiwaza kama namchelewesha. Nimeyajibu kwa ajili ya mzazi ambaye ndiye mwalimu, ndiye msahihishaji, na mara nyingi ndiye mtu mzima pekee anayeiona akili ya mtoto wake ikifanya kazi siku nzima. Hali hiyo ina faida kubwa, ila kwa swali hili hasa inapotosha, na wazazi wengi hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Mwanangu ana miaka saba na anafanya hesabu za watoto wa miaka tisa. Huo si ushahidi wa kutosha?

Bado. Huo ni ushahidi kwamba yuko mbele. Haujasema kwa nini yuko mbele.

Mtoto anayefundishwa peke yake, kwa mwendo wake, akisahihishwa palepale anapokosea, huenda mbele hata akiwa na akili ya kawaida kabisa. Darasani mwalimu hugawa dakika zake kwa watoto 30 au 40, huwasubiri walio nyuma, huita majina, hunyamazisha kelele. Nyumbani hayo yote hayapo. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika kuhusu majaribio ambamo mwanafunzi wa wastani aliyepewa mwalimu wa peke yake aliwapita takribani wanafunzi 98 kati ya kila 100 wa darasa la kawaida. Tafiti za baadaye zilipata pengo dogo kuliko hilo, lakini mwalimu wa mtu mmoja aliendelea kushinda darasa. Kwa hiyo miaka miwili mbele, kwa mtoto wa nyumbani, inaweza kuwa kazi ya mikono yako. Uifurahie. Usiipe tu jina lingine.

Mfano ninaoupenda ni wa John Stuart Mill, mwanafalsafa wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1806. Hakupelekwa shule. Baba yake alimfundisha Kigiriki tangu ana miaka mitatu na Kilatini tangu minane, na alimkinga makusudi asijilinganishe na watoto wengine. Alipofika miaka 14, akikaribia kusafiri kwenda Ufaransa, baba alimchukua wakatembea Hyde Park, London, akamwambia kwamba sasa atakutana na vijana na kugundua kuwa anajua mambo wasiyoyajua, na kwamba sifa hiyo si yake: ni kwa sababu alipata baba aliyeweza kumfundisha na aliyekubali kujitaabisha. Mill aliamini hivyo maisha yake yote. Aliandika kwamba aliyoyafanya yeye angeyaweza mvulana au msichana yeyote wa uwezo wa wastani na afya njema. Mimi sidhani alikuwa sahihi juu yake mwenyewe. Lakini tazama jinsi mtu mwenye akili kiasi kile alivyoshindwa kutenganisha alichozaliwa nacho na alichofundishwa, kwa sababu hakuwahi kuwa na kipimo kingine pembeni. Wewe na mwanao mko mahali hapohapo.

Basi kipawa ni nini hasa?

Wataalamu hawana jibu moja. Walio wengi wakisema kipawa cha akili wanamaanisha uwezo wa kujifunza na kufikiri ulio juu sana ukilinganisha na watoto wa umri uleule, na mpaka unaotumika zaidi ni IQ (alama ya kipimo cha akili) ya 130, ambayo hufikiwa na takribani watoto 2 kati ya kila 100. Joseph Renzulli, mtaalamu wa elimu wa Marekani, mwaka 1978 alipinga kutegemea alama peke yake. Kwake yeye kuna mambo matatu yanayokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na ari ya kuing'ang'ania kazi mpaka iishe. Françoys Gagné, mwanasaikolojia wa Kanada, alitenganisha uwezo wa asili na ustadi uliokuzwa kwa mafunzo na mazoezi.

Kwa mzazi wa nyumbani, utengano wa Gagné ndio wenye manufaa zaidi. Vitabu vilivyomalizwa vinaonyesha ustadi uliokuzwa. Swali lako linahusu ule uwezo wa asili.

Nitatofautishaje mwerevu na mwenye kipawa nikiwa nyumbani peke yangu?

Njia ninayoiamini kuliko nyingine ni kumfundisha kitu ambacho hajawahi kukutana nacho, kisha kutazama anavyokipokea. Kisiwe somo la mbele kwenye mtaala, maana hilo huenda amelisikia kwa kaka yake au ameliona kwenye video. Kiwe kitu cha pembeni ambacho hakuna aliyemwandaa nacho.

Siku moja nilikuwa na watoto wawili mezani, wote wa miaka minane, mmoja wangu na mmoja wa rafiki yangu, wote wepesi wa hesabu. Niliwapa vizibo vya chupa nikawaambia: tuseme kuna watu wenye mkono mmoja, vidole vitano tu. Wanahesabu 1, 2, 3, 4, kisha mkono unajaa, wanaandika 10. Kizibo cha sita kwao ni 11, cha saba ni 12. Nikawapa karatasi yenye maswali 12.

Wa kwanza alisikiliza vizuri, akauliza kama baada ya 14 inakuja 20, nikamwambia ndiyo, akamaliza yote 12 bila kosa. Mwalimu yeyote angemfurahia. Wa pili alikwama kwenye swali la pili. Aliweka kalamu chini akabaki anavitazama vizibo, nami nikadhani hajaelewa. Mara akasema, "Anti, kwa hiyo hii si kumi. Inasema tu mkono mmoja umejaa na hakuna kilichobaki nje." Akanyamaza tena. "Na kumi yetu inasema hivyohivyo, ila kwa mikono miwili." Alifanya maswali matano tu siku ile, na moja alikosea. Kesho yake asubuhi mama yake alinitumia picha ya karatasi aliyoikuta kitandani: 1, 10, 11, 100, 101, 110, na chini yake kwa mwandiko wa kupinda, "watu wa vidole viwili namba zao zinakuwa ndefu haraka."

Aliyemaliza maswali 12 ni wangu.

Ungewapima kwa alama za karatasi, mwanangu alishinda. Ila yule wa pili alirudi nyuma kutafuta sababu wakati hakuna aliyemwomba, akapata kanuni inayofunika hesabu yake ya kila siku pia, akaihamishia kwenye hali mpya bila kufundishwa, na akalala nayo. Hayo ndiyo ya kutafuta. Ongeza na idadi ya marudio: mtoto wa kawaida huhitaji kurudiwa mara nyingi, mwerevu mara chache, na mwenye kipawa mara nyingine hushika mara ya kwanza, kisha kila marudio yanayofuata yanamuudhi kwelikweli.

Jioni moja haitoshi kumhukumu mtoto. Fanya hivi kwa vitu vitano au sita tofauti katika miezi kadhaa: maandishi ya siri, kanuni za mchezo mgeni, kukunja karatasi, mizani, lugha ya kubuni yenye maneno kumi. Akionyesha tabia ileile mara nyingi, hiyo ni habari nzito.

Alianza kusoma akiwa na miaka mitatu, bila kufundishwa. Hiyo je?

Ni dalili nzuri, na wengi wenye kipawa walianza hivyo. Lakini wapo wengi wenye kipawa waliosoma wakiwa na miaka sita au saba kama wengine, na wapo waliosoma mapema sana ambao kufikia miaka kumi wenzao wamewafikia. Tena kuna hali inayoitwa haipaleksia: mtoto husoma maneno kwa ufasaha wa kushangaza huku uelewa wake uko nyuma sana. Mara nyingi hali hiyo huambatana na usonji.

Kupima ni rahisi. Msomee au asome hadithi asiyoijua, simamisha katikati, umuulize kwa nini mhusika amefanya vile na anadhani kitatokea nini. Jibu likiwa na sababu zake mwenyewe, na likigusa jambo ambalo hadithi haikulisema waziwazi, usomaji wake una kitu nyuma yake. Akikurudishia sentensi za kitabu kama zilivyo, subiri, na mfuatilie kwa makini.

Orodha za dalili kwenye intaneti zinaaminika?

Kidogo sana. "Anauliza maswali mengi", "ana nguvu nyingi", "ana huruma", "anapenda kuongea na wakubwa": hayo utayaona kwa watoto wengi wenye afya. Ukisoma orodha ya namna hiyo usiku, ukiwa umechoka na una matumaini, mwanao ataingia kwenye kila mstari.

Mimi ni mzazi wake. Naweza kweli kumwona kwa haki?

Mwamba ngoma huvuta kwake, na sisi wazazi tunavuta bila kujua. Lakini nimeona kosa la upande wa pili pia, na linaumiza zaidi: mzazi ambaye watoto wake wote watatu wako hivyo, naye mwenyewe na ndugu zake walikuwa hivyo, anaona mambo makubwa kama ya kawaida. Huyo hana cha kulinganisha kabisa.

Dawa ya yote mawili ni macho ya watu wengine na daftari. Mpeleke mtoto mahali ambapo kuna watoto wa umri wake na mtu mzima asiyemjua: klabu ya sataranji, mashindano ya hesabu, kundi la wazazi wanaosomesha pamoja, darasa la muziki au la programu za kompyuta. Usimwambie yule mwalimu lolote kabla. Baada ya wiki nane muulize swali moja tu: "Ameonekanaje kati ya wenzake?" Mtu aliyefundisha watoto 200 wa miaka minane ana kipimo kichwani ambacho wewe huwezi kuwa nacho.

Kwenye daftari andika tarehe, umri, alichosema kwa maneno yake yaleyale, na nani alianzisha mazungumzo. Usiandike "leo amekuwa mwerevu sana". Andika "miaka 5 na miezi 2, bafuni, ameuliza kama kivuli kina uzito." Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuambia mengi, na mtaalamu akiliona atakushukuru.

Kipimo cha IQ kinafaa? Afanyiwe akiwa na umri gani?

Kinafaa pale ambapo jibu lake litabadilisha kitu: unataka kumrusha darasa, kuna programu inayodai ripoti, au kuna kitu hakieleweki, kwa mfano anafikiri vizuri mno lakini kuandika kunamtoa machozi. Kama ni udadisi tu, fedha na siku hiyo mnaweza kuzitumia vizuri zaidi.

Kipimo cha kuaminika hufanywa na mwanasaikolojia, ana kwa ana, mtoto mmoja, kwa saa moja hadi mbili hivi. Vinavyotumika sana ni vya familia ya Wechsler: WPPSI kwa wadogo, na WISC kwa watoto wa miaka 6 hadi 16. Kipo pia Stanford-Binet, ambacho asili yake ni kazi ya Alfred Binet na Théodore Simon huko Ufaransa mwaka 1905. Binet hakutafuta watoto wenye kipawa. Alikuwa anatafuta wanaohitaji msaada shuleni. Mwanasaikolojia Lewis Terman ndiye aliyekirekebisha kwa matumizi ya Marekani mwaka 1916.

Kuhusu umri, mimi husema ngoja afike miaka 6 au 7 kama hakuna shida inayoharakisha. Kabla ya hapo alama hupanda na kushuka sana kwa sababu ya usingizi, haya, au mtoto kuamua hataki kuongea na mgeni. Katika umri huo utapata namba inayoweza kusimama kwa muda.

Yapo matatu ya kuuliza kabla hujalipa. Kwanza, toleo la kipimo ni la mwaka gani? Katika nchi nyingi zilizopimwa karne ya 20, alama zilipanda kwa takribani pointi 3 kila miaka kumi, kwa hiyo kipimo cha zamani humpa mtoto alama zisizo zake. Pili, kitafanywa kwa lugha gani? Mtoto anayeota na kugombana kwa Kiswahili akiulizwa maana ya maneno kwa Kiingereza atapimwa Kiingereza chake. Ikiwa hakuna kipimo cha lugha yake, omba uzito uwekwe kwenye sehemu za maumbo na mantiki, au kipimo kisichotegemea maneno kama kile cha Raven. Hata hivyo vipimo hivyo navyo si safi kabisa, maana mtoto aliyezoea mafumbo ya picha huanza akiwa mbele. Tatu, ripoti itaonyesha sehemu zote, au namba moja tu? Ukiambiwa namba moja, tafuta mtu mwingine.

Na tafadhali, usimfanyishe mazoezi ya kipimo chenyewe. Utakuwa umelipa fedha nyingi kununua namba isiyokueleza chochote kuhusu mwanao.

Alipata 126. Kwa hiyo hana kipawa?

Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa namba hiyo. Kila alama ina ukungu wa takribani pointi 5 au 6 kila upande, hivyo 126 inaweza kuwa 121, na inaweza kuwa 131. Mpaka wa 130 umewekwa na watu kwa sababu mahali fulani lazima mstari upite.

Tazama sehemu. WISC ya toleo la tano ina tano: uelewa wa maneno, maumbo na nafasi, kufikiri kwa mantiki mpya, kumbukumbu ya muda mfupi ya kufanyia kazi, na kasi. Nimeona ripoti ya mtoto aliyekuwa juu sana katika tatu za kwanza na wa wastani katika kasi, na wastani wa jumla ukamficha. Pengo kubwa la namna hiyo likitokea, mwanasaikolojia anaweza kukokotoa alama ya uwezo wa jumla bila kumbukumbu na kasi. Muulize, kwa sababu si wote wanaolitaja wenyewe.

Kuna historia inayonipa utulivu kila ninapokutana na mzazi aliyeshika ripoti yenye 126 au 128. Mwaka 1921 Terman alianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 waliochaguliwa kwa alama za juu. Wavulana wawili waliopimwa wakaachwa kwa kutofikia kiwango walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia: William Shockley mwaka 1956, na Luis Alvarez mwaka 1968. Kati ya waliochaguliwa, hakuna aliyeipata.

Kuna namna ya kupima bila mwanasaikolojia?

Ipo moja nzuri: mtihani wa wakubwa. Julian Stanley wa chuo kikuu cha Johns Hopkins aliona kwamba mtoto anayepata 100 kwenye mtihani wa darasa lake hajapimwa. Amegonga dari tu, na hujui urefu wake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 akawa anawapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT, ambao kwa kawaida hufanywa na wanaokaribia kuingia chuo, na pale wale waliokuwa wote na 100 wakatawanyika. Terence Tao, mwanahisabati wa Australia aliyepata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2006, alifanya sehemu ya hesabu ya mtihani huo akiwa na miaka minane akapata 760 kati ya 800.

Nyumbani fanya hivi. Tafuta mitihani iliyopita ya madarasa mawili au matatu mbele ya umri wake, ambayo hujawahi kumfundishia. Saa mezani, wewe chumba kingine, na karatasi asahihishe mtu mwingine. Mwambie mapema kwamba mtihani ni wa wakubwa na mengi hatayajua. Kisha usiishie kwenye jumla. Soma makosa. Makosa ya mtoto asiyefundishwa kitu lakini akajaribu kukibuni ni mazuri kuliko alama nyingi za haki. Wakati mmoja niliona mtoto ambaye hakuwahi kufundishwa kugawanya sehemu, akachora mistatili na kuikatakata mpaka jibu likatoka, ukurasa mzima, kwa swali moja la alama mbili.

Ana mawazo ya mtu mzima, lakini analia kama wa miaka mitatu na hawezi kufunga kamba za viatu. Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Mwaka 1991 kundi la wazazi na wataalamu nchini Marekani, lililojiita Columbus Group, lilieleza kipawa kwa msingi huohuo: sehemu za mtoto hazikui kwa mwendo mmoja. Kichwa kina miaka kumi na moja, moyo una saba, vidole vina sita. Kichwa kinaona picha anayotaka kuichora, vidole haviiwezi, moyo hauvumilii. Machozi yanatoka hapo. Ukimwambia "wewe mkubwa, una akili, unalilia nini?" unakuwa umeongea na kichwa wakati anayelia ni yule wa miaka saba.

Lakini kuwa macho. Wapo watoto wenye kipawa na tatizo la kujifunza kwa wakati mmoja, kama disleksia (ugumu wa kusoma) au ugumu wa kuandika, na nyumbani ndipo tatizo hujificha vizuri kuliko popote, kwa sababu ya upendo. Mama anasoma swali kwa sauti, mtoto anajibu vizuri mdomoni, mama anaandika. Mwaka unapita. Kipawa kinafunika tatizo, tatizo linafunika kipawa, na mtoto anaonekana wa kawaida huku akichoka kupita kiasi. Kwa wiki moja usimsomee wala usimwandikie chochote. Tazama kitakachotokea. Kama maneno aliyoyasema ukurasa mzima yanakuwa mstari mmoja kwenye karatasi, huyo anahitaji kupimwa na mtaalamu, na hilo ni la haraka kuliko swali la kipawa.

Hatulii, anasumbua, kazi haimalizi. Ni kipawa, au ni ADHD (tatizo la umakini na kutotulia), au usonji?

Yoyote kati ya hayo, au mawili pamoja, au ni kuchoshwa. Jaribio dogo la nyumbani ni kumpa kazi ngumu kweli ya jambo analolipenda. Akitulia kabisa, uchoshi unawezekana, ingawa hata watoto wenye ADHD huzama kwenye wanachokipenda. Kwa hiyo usifunge mjadala mwenyewe. Tafuta mtaalamu aliyewahi kukutana na watoto wa namna hii.

Si kweli kwamba kipawa hutengenezwa? Mbona familia ya Polgár?

László Polgár wa Hungaria aliamini hivyo, na yeye na mkewe waliwasomesha binti zao watatu nyumbani huku sataranji ikiwa kiini cha masomo. Matokeo yalitikisa ulimwengu wa mchezo huo. Judit alipata cheo cha grandmasta, kilicho cha juu kabisa katika sataranji, mwaka 1991 akiwa na miaka 15, mdogo kuliko yeyote aliyemtangulia.

Ila walikuwa watatu. Nyumba moja, wazazi haohao, mchezo uleule. Susan alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake, Sofia akawa masta wa kimataifa, na Judit akaingia kwenye wachezaji kumi bora wa dunia, wanaume kwa wanawake. Mafunzo yaliwainua wote juu sana, na bado hawakufika mahali pamoja. Mimi naisoma familia ile hivyo: malezi hufanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani, na kuna kinachobaki.

Nimwambie kwamba ana kipawa?

Mwambie kinachomsaidia kujielewa: "Wewe unashika vitu vya hesabu haraka, ndiyo maana marudio yanakuchosha. Kuandika kunakuwia vigumu, hilo tutalifanyia kazi pamoja." Hilo ni kweli na lina matumizi. "Wewe ni genius" halina matumizi.

Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha utafiti mwaka 1998 ambamo watoto waliosifiwa kwa akili baada ya kufaulu walielekea kuchagua kazi rahisi, na walipokutana na ngumu walikata tamaa mapema kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Nyumbani nimeliona hili bila utafiti. Mtoto aliyebebeshwa jina hulilinda, na njia salama ya kulilinda ni kutojaribu kitu anachoweza kushindwa.

Nikigundua anacho, nibadilishe nini?

Punguza marudio kwanza, kesho asubuhi. Akifanya maswali matano magumu ya mwisho wa sura bila kosa, sura imekwisha. Mruhusu kwenda mbele katika somo analoliweza peke yake, hata kama mengine yanabaki ya umri wake. Hilo shule hulipata kwa shida, wewe huna kizuizi. Tafiti za miaka mingi kuhusu kurusha madarasa zinaonyesha kwa jumla kwamba watoto waliorushwa kwa uangalifu hufanya vizuri kuliko wenye uwezo sawa waliobakizwa, na hawaharibikiwi kijamii. Mtafutie mtu anayelijua somo kuliko wewe kabla hujafika mwisho wa unachojua. Na hakikisha kila wiki anakutana na kitu kinachomshinda, akiwa bado mdogo, ukiwa umekaa karibu naye.

Saa zake za kukaa bila ratiba usiziguse. Yule mtoto wa vizibo alipata wazo lake kitandani.

Na nikigundua hana?

Mwanangu ana miaka 14 sasa. Anashika kitu kikifafanuliwa mara mbili, anakimaliza, na hakiachi mpaka kikae sawa. Tulimpima akiwa na miaka tisa, alama ikatoka juu ya wastani, chini ya mpaka. Siku ile nilibadilisha jambo moja: nilirudisha vitabu viwili vya mbele nilivyokuwa nimemharakishia, tukarudia sehemu ambazo nilijua moyoni hakuzielewa. Alifurahi. Alikuwa akiogopa kuniambia.

Nikitaka kumpima tena, ningoje muda gani?

Kwa kipimo kilekile usipungukie mwaka mmoja, na miaka miwili ni bora, kwa sababu mtoto hukumbuka aina za maswali na alama hupanda kwa mazoea tu. Mpe mpimaji ripoti ya kwanza baada ya kupima, si kabla. Kwa majaribio ya nyumbani huhitaji kungoja, ila kila mara chagua kitu kipya. Vizibo vya chupa kwetu havifanyi kazi tena. Mdogo wake amekwisha kufundishwa na kaka yake.